Kopo Lililokuwa Ndani ya Kanga ya Mama Yako

Hapana, mwanangu, hujalipoteza, wala hakuna aliyekuibia njiani. Kopo ulilolifungia ndani ya kanga ya mama yako nimelitoa mimi, na barua hii nimeiweka palepale lilipokuwa, ili mkono wako ukilitafuta ukutane na mimi kwanza. Jana uliponiuliza mbele ya shangazi yako, "Baba, si ulisema dawa ya mbwa mwitu itakuwa yangu siku nikiolewa?" nilijifanya nimepaliwa na mate. Nilikohoa mpaka mke wangu Hadija akaniletea maji. Wewe ukadhani nimekubali, ukalichukua sandukuni mwangu. Jibu nililokuwa nikilikohoa ni kwamba sikupi, Zaina, na sababu yake nimeikalia miaka kumi.

Namna ya kuwaamkia wakwe, namna ya kukaa na mume, nani apewe chakula kwanza, hayo shangazi zako wamekufunda wiki nzima. Nimeyasikia kupitia ukutani. Niliziba masikio kwa heshima, ingawa sikuyaziba sana. Sina la kuongeza.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati wewe uko nyua mbili tu kutoka hapa nilipo, unapakwa hina. Naandika kwa sababu mdomo wangu ni mdomo wa mkalimani. Nimekula kwa mdomo huu tangu ujana, na umezoea kupokea neno moja na kutoa jingine. Kalamu ni nzito kidogo, inanipa nafasi ya kujishika mkono.

Sasa ni alasiri. Wanawake wanatwanga uani kwa ajili ya safari yako ya kesho, na katikati ya michi yote nasikia kicheko kimoja, cha Hadija. Nacheka peke yangu humu ndani kama mwendawazimu. Najua unaona haya. Juzi uliniona najipaka mafuta ukasema, "Baba, hata jogoo akizeeka hupunguza kuwika." Hadija akakujibu, "Huyu hajawahi kuwika, mwanangu, ndiyo kwanza anajifunza." Ukacheka, kisha ukakunja uso kwa sababu ulikuwa umeapa hutacheka naye. Niliiona, na nikawapenda nyote wawili mpaka macho yakanitoka maji.

Acha niseme, mama, kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mwezi mmoja huu wa ndoa nimekuwa kijana. Naamka kabla yake ili nimwone anavyolala na mkono mmoja chini ya shavu. Akisonga bada, mwiko unagonga chungu na moyo wangu unaruka kama mwanambuzi aliyefunguliwa kamba. Nikienda ofisini kwa akida nahesabu miti ya njiani, nikirudi naihesabu tena, na ya kurudi huwa michache. Sikujua kwamba mtu wa umri wangu, aliyefanya niliyoyafanya, anaweza kupewa kitu kama hiki. Nakuambia furaha hii kwanza, na simaanishi kukuringia. Nataka uijue bei ya karatasi hii: huenda nikimaliza kuiandika, nisiwe nayo tena.

Nilipokuwa shule ya Wadachi kule pwani, kulikuwa na kitabu chenye picha. Mnyama amesimama juu ya theluji, ulimi nje, mbavu zinahesabika, macho yametiwa rangi nyekundu. Mwalimu alisema huyo ni wolf, adui wa watu, mla watoto, kiumbe asiyejua kushiba. Akatuuliza kama kwetu yuko. Nikanyoosha mkono kabla ya wote. Nikasema yuko, kwetu Uzigua tunamwita mbwa mwitu. Nilikuwa sijawahi kumwona mbwa mwitu hata mmoja. Niliondolewa kwa mama yangu nikiwa mdogo, nikakulia pwani kwa amu yangu, na mwitu nilikuwa nausikia tu. Lakini mwalimu alinisifu mbele ya darasa zima, na sifa ile ya siku moja ndiyo iliyokuja kumuua mama yako.

Umeisoma vizuri. Endelea, usiikunje bado.

Ulipokuwa na miaka sita nilikuwa karani na mkalimani wa mzungu mmoja mwenye shamba la kondoo, kati ya Sindeni na Korogwe. Watu walimwita Bwana Miwani. Mkuu wa wachungaji alikuwa Mgaza, mtu wa Kang'ata, kaka yake Hadija. Ndiyo, ni huyuhuyu mjomba mpya unayemwogopa kwa sababu mgongo wake hauinuki. Subiri utajua uliinamaje.

Kondoo walikuwa wakipotea. Jioni moja vibarua wamekaa kuota moto, nikawasomea kitabu changu cha shule, nikawaonyesha ile picha, nikawaambia ndiye adui yetu huyu. Mgaza akaipindua picha juu chini, akairudisha.

"Karani," akasema, "mbona huyu yuko peke yake?"

"Ni mkali, hahitaji mwenziwe."

"Basi si mbwa mwitu. Mbwa mwitu hali peke yake hata siku moja. Akishika swala, anamngoja hata kilema aliyebaki nyuma. Na huyu macho mekundu, karani, anaumwa macho au amelewa?"

Wakacheka. Nikamwuliza kwa hasira amesoma wapi. Akasema, "Mimi nimesoma nyayo. Wewe umesoma mnyama aliyelala kwenye karatasi." Wakacheka mpaka mmoja akaanguka chali. Nilikunja kitabu nikaondoka, masikio yanawaka.

Asubuhi yake Mgaza alikuja mbele ya Bwana Miwani, ameshika ngozi ya kondoo aliyoiteremsha kutoka juu ya mti ng'ambo ya mto. Akaniambia, "Mwambie Bwana ni chui. Ngozi nimeikuta kwenye panda ya mti. Mbwa mwitu gani anayepanda mti?" Nikamgeukia mzungu, nikasema kwa Kidachi safi: huyu anasema ni wolf, wamekuja kundi zima, na yeye alikuwa amelala.

Ningependa kukuambia niliogopa, au nilikosea neno. Sikuogopa na sikukosea. Nilitaka vicheko vya jana vilipwe. Na nilitaka uso wa Bwana Miwani ung'ae, nao uling'aa, kama mtu aliyetajiwa kijiji chake katikati ya nchi ngeni. Alianza kunisimulia habari za babu zake na theluji. Alikuwa hajawahi kusema nami maneno mengi hivyo.

Kisha akaagiza kiboko. Mgaza alipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kosa la kulala, na mimi niliamriwa kuhesabu kwa sauti. Nikahesabu. Alikuwa ameulaza uso upande wangu, ananitazama. Alijua nimesema nini, kwa sababu katika maneno yangu yote alilitambua lile moja nililowasomea motoni. Nilipofika kumi na saba alifunga macho, nikashukuru.

Baada ya wiki mbili gari moshi lilileta kopo. Unga mweupe, mzuri kama sukari. Bwana Miwani alipiga kongoni kwa bunduki, tukamburura mpaka mbugani upande wa Sindeni. Nikapasua nyama ya mapaja na ya mgongo kwa kisu, nikatia unga kwa ncha yake, nikafumba mipasuko. Aliniambia nisilambe kidole. Nilipofika nyumbani nililamba, kwa utoto tu. Kidogo sana, kama punje ya chumvi, lakini uchungu ule ulikaa ulimini mpaka kesho yake. Aliniambia pia nisimwambie mtu, wachungaji wasije wakaharibu kazi. Sikumwambia hata mama yako. Niliona ni heshima kubwa kutunza siri ya mzungu.

Mwaka ule ulikuwa wa njaa. Mvua zilikata, nzige wakamaliza kilichochomoza. Mimi nilikuwa nalipwa kibaba cha mchele kila Jumamosi, nikadhani nyumbani mnakula. Sikuuliza kinakwenda wapi. Mama yako alikuwa akikigawa kwa bibi yako na kwa jirani mwenye mapacha, kwa sababu hakujua kupika huku moshi wa mwenziwe haufuki.

Sasa nikueleze jambo ambalo mwanamke yeyote wa Sindeni angeniambia kama ningekuwa mtu wa kuuliza. Wakati wa njaa wanawake huwafuata mbwa mwitu. Wanatoka alfajiri, wanasikiliza, wanatazama tumbusi, ndege wala mizoga, wanakozunguka. Wakiwakuta wameshaangusha mnyama, wanakwenda wote pamoja wakipiga makofi na kuimba. Mbwa mwitu wanarudi nyuma hatua chache, wanainamisha vichwa upande upande, wanalia kwa sauti nyembamba kama vifaranga. Wanawake wanakata nyama, wanaacha kichwa na matumbo na mguu mmoja, hilo linaitwa fungu la wenyewe, kisha wanaondoka. Hadija ameifanya kazi hiyo tangu akiwa binti, na mama yake, na bibi yake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kung'atwa. "Tulikuwa tunawashukuru," ananiambia, "wao ndio waliokuwa waume zetu mwaka ule. Waume wenyewe walikuwa wanahesabu kondoo wa watu."

Asubuhi ile mama yako alitoka na Hadija, aliyekuwa akiishi Sindeni wakati ule, na wengine wawili. Tumbusi waliwaongoza kwa yule kongoni. Mbwa mwitu hawakuwepo. Tumbusi wanne walikuwa wamelala chini, mabawa wazi. Hadija akashtuka. Mama yako akasema, "Wameshiba, hao." Njaa ikitawala macho, tumbusi aliyekufa huonekana ameshiba. Wakakata. Na mama yako, ingawa wenyewe hawakuonekana, alihakikisha fungu lao limeachwa.

Mengine uliyaona mwenyewe, na uliyaona kwa macho ya mtoto. Uliniambia mara moja tu, ulipokuwa na kama miaka tisa, wala hukulia uliposema: "Mama alipika nyama akala, mimi akaninyima." Nilikusikia, Zaina, na nikakuacha ukue na neno hilo. Mama yako aliionja nyama akaikuta chungu. Alidhani nyongo ilipasuka wakati wa kukata. Akamwaga maji, akaichemsha upya, akaonja tena. Ilikuwa bado chungu. Wewe ulikuwa umeshika bakuli kwa mikono miwili unalia, akakusukuma nje ukalilie kwa jirani, kwa sababu hakuwa na hakika nayo. Alikunyima kwa sababu hiyo. Vipande vile viwili vya kuonja ndivyo alivyokula peke yake.

Nilifika wakati watu wamejaa mlangoni. Alikuwa amekunjika kwa nyuma kama upinde, kisigino na kichwa ndivyo vinavyogusa mkeka. Ikipita dakika analegea, halafu mtu akisema neno, mlango ukilia, anashikwa upya. Akili yake ilikuwa timamu kabisa. Ningemwomba Mungu angalau apotewe na akili. Niliona chungu, nikachovya kidole, nikalamba.

Kwa hiyo nilijua. Nilijua yeye akiwa bado hai, ananitazama. Akaniuliza meno yakiwa yamefungana, "Baba Zaina, nimekula nini?"

Nami nikamwambia, "Hukula kitu kibaya. Umeng'atwa na mbwa mwitu mwenye kichaa, hukuona tu."

Alijitazama mikono akitafuta jeraha. Akafa akilitafuta.

Majirani waliamini, kwa sababu karani amesema, na kwa sababu kichaa cha mbwa nacho hukunja watu. Chungu nilikizika mwenyewe. Wale wanawake wengine wawili walitupa nyama yao kwa uchungu wake. Hadija alimtupia mbwa wake kwanza, mbwa akafa, akamwaga yote, naye akadhani mate ya mbwa mwitu wagonjwa yameingia nyamani. Uwongo wangu ulimfikia ukiwa umeshapata ushahidi.

Lakini uwongo mkubwa unataka kulishwa. Wajomba zako walinijia wakisema, twende tukalipize. Ningewezaje kukataa? Niliwaongoza mimi, kwenye shimo la muhanga, yule mnyama mla mchwa, ambamo mbwa mwitu walikuwa wamezaa. Tuliziba midomo miwili ya shimo, kwenye mdomo wa tatu tukawasha moto wa pilipili na mavi ya ng'ombe. Watoto walitoka mmoja mmoja wakipiga chafya, masikio makubwa kuliko vichwa. Wajomba zako walikuwa na rungu. Mimi pia nilikuwa nalo, na nililitumia.

Wakubwa walikuja. Walikuwa saba au wanane, wamesimama umbali wa kutupa jiwe, wanalia ile sauti ya vifaranga. Tulikuwa tumewazuia na watoto wao wanakufa, na hakuna aliyetung'ata. Kati yao alikuwamo jike mwenye miguu mitatu, wa nne ulikatwa na mtego zamani. Mnyama wa hivyo hawezi kuwinda. Alikuwa mnene kama wenzake. Alijisogeza peke yake mpaka karibu na moshi, akainama, akatapika nyama mbichi mbele ya shimo, kama wanavyowatapikia watoto wao kila siku. Akasimama anangoja waje wale. Mjomba wako mkubwa alimpiga pale pale akingoja.

Nilirudi nyumbani, watu wananiita shujaa. Wewe ukanipokea mlangoni, ukauliza kama nimewaua wote. Nikakuonyesha kopo, nikasema dawa ipo, waliobaki tutawamaliza, na siku ukiolewa nitakupa. Unaona nilivyokulea? Ulikuwa na miaka sita, nikakupa chuki ya kuchezea badala ya mwanasesere.

Miaka mingi baadaye, Bwana Miwani ameshauza shamba na kurudi kwao, nilikutana Korogwe na fundi mmoja wa reli, Mdachi mzee aliyependa kunywa kahawa na sisi makarani. Alizaliwa kwenye misitu yenye wolf. Nikamwuliza wanakula watu wangapi kwa mwaka. Alinitazama kama aliyeulizwa idadi ya majini. Alisema amekaa huko miaka thelathini na amewaona mara mbili, na mara zote mbili alichoona ni migongo yao ikikimbia. Alisema dume na jike hukaa pamoja mpaka mmoja afe, na watoto wa mwaka jana huwalea wa mwaka huu. Hata yule wa kitabuni, Zaina, hakuwa yule wa kitabuni. Nilikuwa nimeua kwa ajili ya picha.

Siku hiyo sikupanda gari moshi. Nilitembea mpaka Kang'ata kwa Mgaza. Nilisimama uani nikabisha hodi. Alitoka ameinama vilevile alivyo, akasema, "Karani, leo umekuja kunitafsiria nini?" Nilikuwa nimekaukwa na koo kwa safari, na hakunipa maji. Nyumba ya Mzigua kumnyima mgeni maji! Nikaondoka. Mwezi uliofuata nikarudi, nikamwambia habari ya chui mbele ya watu wake. Akasema, "Hiyo naijua, nilikuwepo," na hakunipa maji. Mara ya tatu nikamwambia habari ya kongoni. Alinisikiliza mpaka jua likahama ukutani. Kisha akaita ndani, "Hadija, mletee huyu maji. Akinywa, angalau hatasema."

Akatoka na kata mkononi, na nilipomwona, Mungu anisamehe, katikati ya aibu yangu yote niliona ana shingo nzuri. Alinipa maji, akangoja nimalize, akasema, "Nilikuwa na Mwajabu asubuhi ile. Nilimwona akiacha fungu la wenyewe." Akalia. Hakusema nami tena mavuno mazima. Niliendelea kwenda. Nilibeba kuni, nilichimba choo, nilifukuza ngedere shambani. Mgaza akasema afadhali anioze dada yake kuliko kuendelea kuona kilimo changu.

Nilipomsimulia habari za wolf wa yule fundi, kwamba dume hukaa na jike lake mpaka mmoja afe, Hadija aliniuliza, "Kwa hiyo wewe sasa ni wolf?" Nikasema, nikikubaliwa. Akasema atakubali kwa sharti moja: "Umwambie Zaina kabla sijaingia nyumbani kwake." Nikaapa. Nikamwoa. Na mwezi mzima huu wa asali na mafuta ya nazi nimeishi juu ya kiapo nilichokivunja, kwa sababu kila nilipokutazama niliona nitakavyokupoteza.

Leo asubuhi alikuona ukilifunga kopo. Hakupiga kelele. Alikuja akakaa kitandani, akasema, "Baba Zaina, Salehe mkweo anafuga mbuzi, na mbuzi wao hushuka bondeni kiangazi. Huko nako kuna wanawake wenye njaa. Ama jua likizama mtoto amejua, ama kesho akipanda yeye kwenda Bungu, mimi nashuka kwenda Kang'ata." Tukalitoa pamoja. Tumelitumbukiza kwenye choo cha zamani, tukafukia kwa mawe na udongo mpaka juu. Alishika jembe yeye, mimi nikabeba mawe.

Kwa hiyo, mama, Salehe akikuambia mbwa mwitu wamechukua mbuzi, kweli huenda wamechukua; wao si malaika. Mwulize tu kama ameona au ameambiwa. Na ukisikia alfajiri sauti kama ya vifaranga mahali pasipo na kuku, watazame kidogo kwa ajili yangu. Mgaza anasema kwa mbwa mwitu anayehama nyumbani ni binti, huondoka na dada zake kutafuta kundi jipya, na wa kiume ndio wanaobaki na wazazi. Wewe huna dada wa kuondoka naye. Hilo nalo lina mkono wangu.

Ijumaa nitakwenda kwa wajomba zako hapa Sindeni. Nitawaambia yote, kongoni, chungu, shimo la muhanga. Wana haki ya kunipeleka kwa akida, na wana haki nyingine wasizohitaji akida kuzitimiza. Hadija anajua. Amenifulia kanzu ya kuvaa siku hiyo, akaikunja, akaweka kichwa chake juu yake muda mrefu. Nimekuwa na mwezi mmoja. Mama yako hakupata hata jibu la kweli. Siwezi kusema nimepunjwa.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Mimi ni karani, najua maneno ya karatasini yanavyopatikana kwa urahisi. Ninaomba kitu kimoja, ukijitahidi: ukimkumbuka mama yako, usimkumbuke tena akila peke yake.

Wajomba zako wakiniachia miguu, nitapanda Bungu kabla mwezi huu haujaisha. Nitakuja peke yangu, mchana, niongozwe na moshi wa jiko lako, nami nitabisha hodi na kungoja nje. Usiseme kitu kama huna la kusema. Ukinipa maji nitakunywa. Ukininyima nitageuka nishuke, na wakwe zako hawatajua kwa nini mzee yule alipita na kiu. Lakini kabla mwezi haujaisha, Zaina, utanikuta nimesimama uani kwako.